Mtama wa Asembo Kule Lisboni

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka Kisumu jana na leo maabara nzima inanuka matope ya viatu. Nimeamua kuandika msimu huu wote, maana mwaka jana nilipoulizwa kwenye kikao mambo yalikwendaje nilibaki kukodoa macho kama mbuzi barabarani.

Basi nijitambulishe kwa karatasi. Mimi ni Nelima, mkuu wa maabara ndogo ya mimea yenye friji moja inayonguruma na watafiti wawili wachanga, Robinson na Akello. Robinson ni wa kusema. Akello ni wa kunyamaza. Wote wawili wanashughulika na kayongo, lile gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalonyonya mtama wa watu mpaka shamba linabaki kama limeungua. Robinson anaikuza kwenye vyungu nyuma ya maabara, ambako tunaiona kila siku. Akello anataka shamba la kweli, huko Asembo Bay, nyumbani kwa Mama Lornah, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama. Nimemkubalia kwa shingo upande.

Ijumaa, 14 Machi

Tumekwenda Asembo kupanda na tumerudi na mbegu zetu mkononi.

Mama Lornah alitupokea vizuri, chai na mandazi, kisha akatuambia kwamba hapandi mtu. Kwa desturi ya boma lao, mama mkubwa ndiye anayetangulia kutoa mbegu, ndipo wengine wafuate. Mama mkubwa ni mama mkwe wake, na mama mkwe wake yuko Bondo kwenye matanga.

"Atarudi lini?" nikauliza.

"Wakishazika, atarudi."

"Lakini hii ni mbegu ya utafiti, Mama," Robinson akasema. "Hii si ya boma."

"Na shamba ni ya nani?"

Robinson akanywa chai. Akello ndiye aliyejibu, kwa sauti ile yake ya kanisani: "Tutangoja, Mama."

Njiani nilimfokea. Mvua haingoji matanga, nikamwambia, na kayongo haina mama mkwe. Akasema, "Ndiyo, Daktari," akageuza uso dirishani. Huyu msichana ni mpole kupita kiasi. Sayansi itamla mzima mzima.

Jumatatu, 24 Machi

Wamepanda. Bibi mwenyewe, yule mama mkwe, alitangulia na jembe. Mistari ya mtama wa kienyeji, mistari ya mtama mpya, kwa zamu. Siku zetu kumi nzuri za mvua zimepotea na bado nina hasira.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua tu. Friji imenyamaza saa nzima, tukaogopa, ikanguruma tena, tukashukuru.

Jumanne, 15 Aprili

Tangazo limekuja. Mwezi wa Julai kuna mkutano wa kimataifa wa homoni za mimea huko Lisboni, na kamati yake itawagharimia watafiti wanaoanza, wa nchi kama zetu: tiketi, malazi, chakula, na lile lililo kubwa kuliko yote, dakika kumi na mbili za kusimama jukwaani mbele ya watu ambao majina yao tunayasoma kwenye majarida. Kila maabara itapata nafasi moja tu. Nilikuwa na umri wa Akello nilipokosa nafasi kama hiyo, na sikuwahi kupata nyingine mpaka nywele zilipoanza kunipa salamu za mvi. Nimewaambia wote wawili waandike muhtasari wa kazi yao na kuutuma.

Kazi zao zinahusu jambo lile lile. Mtama ukiwa na njaa, mzizi wake hutoa homoni kidogo mno, chembe tu, ikasambaa udongoni. Mbegu ya kayongo hulala humo miaka na miaka. Ikiinusa homoni hiyo inaamka, inajishika mzizini na kuanza kunyonya. Mtama mpya wa Akello unatoa homoni hiyo kwa uchoyo. Tunaamini kwamba kayongo inabaki imelala. Kuamini ni kitu kimoja, kuonyesha ni kingine.

Jumatano, 30 Aprili

Robinson amenisomea muhtasari wake kwa sauti mara mbili. Akello ametuma wake bila kumwonyesha mtu.

Jumatatu, 19 Mei

Wamemchagua Akello.

Nakiri hapa, ambapo hakuna anayenisikia, kwamba nilidhani nimesoma jina vibaya. Robinson alimpa mkono, akasema, "Hongera, dada, umenipiga chenga," akacheka, lakini masikio yake yalikuwa yamewaka. Akello alisema "asante" ndogo, akaenda kuosha chupa ambazo zilikuwa safi tayari. Nikamfuata, nikamkuta anacheza peke yake mbele ya sinki. Aliponiona akaacha.

Jumatano, 4 Juni

Hesabu ya pili Asembo. Kayongo ndiyo kwanza inachomoza, moja moja, kwenye mistari yote. Kwenye mtama mpya ni chache kidogo, si sana. Akello anasema tofauti itaonekana kwenye hesabu ya mwisho, tarehe ishirini na nane, maua yakishafunguka. Hotuba yake yote inategemea siku hiyo.

Jumanne, 10 Juni

Jua. Nguo zimekauka.

Jumamosi, 21 Juni



Akello alinipigia asubuhi nikiwa sijanywa chai. Alikuwa amelala Asembo ili apige picha za shamba mapema. Kwanza nikasikia pumzi tu. Kisha: "Daktari, shamba limepaliliwa."

"Limepaliliwa vipi?"

"Lote. Kayongo wametoa yote."

Niliingia garini na kanga kiunoni. Sikumbuki barabara.

Shamba lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kila mstari umenyooka, udongo umelainishwa kwa jembe, hata kinjia cha katikati kimefagiwa. Kina mama wa kikundi walikuwa wamesimama kando, wamevaa vitenge vyao vya sare, wanangoja tuwasifu. Na kayongo yetu, ile tuliyoilinda kama mboni ya jicho tangu ichomoze, ilikuwa rundo la majivu penye kona, bado inafuka moshi. Wameing'oa na kuichoma, vile vile walivyofundishwa na mabwana shamba miaka yote.

"Mama Lornah! Si tulikubaliana hii isiguswe?"

"Tulikubaliana, Daktari. Lakini huyu nyathina, mtoto wangu, alisema leo anapiga picha ya kupeleka ng'ambo. Sasa watu wa dunia yote waone shamba ya Asembo imejaa kayongo? Si watasema sisi ni wavivu? Yawa! Hapana. Tuliamka bado giza, kila mtu na jembe yake."

Alisema hivyo akitabasamu. Alijivuna, jamani. Walikuwa wamefanya kwa upendo, na upendo wao ulikuwa umeteketeza msimu mzima.

Nilifungua mdomo. Mimi ni Mbukusu na maneno yangu huwa hayachelewi. Lakini Akello alinitangulia. Alimshika Mama Lornah mikono yote miwili, akasema, "Ero kamano, Mama," asante, akawapanga mbele ya mtama, wafupi mbele, warefu nyuma, akawapiga picha. Machozi yalikuwa yanamtiririka na bado anawaambia wacheke. Baada ya picha ndipo alipowaketisha chini na kuwaeleza kwa Kijaluo, polepole, kilichokuwa ndani ya lile rundo la majivu.

Mama Lornah alivua kitambaa cha kichwani, akakikunjakunja mapajani. "Nimeua kazi ya mtoto," akasema, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

Nilikwenda kukaa garini. Nilimkasirikia Akello kuliko kina mama. Kwa nini hakuwafokea? Kwa nini hakuweka kamba, bango, mlinzi, chochote? Nilijiambia kwamba upole wake ndio uliotufikisha hapa.

Jumapili, 22 Juni

Sikusikia neno hata moja la mahubiri.

Jumatatu, 23 Juni

Nimesoma tena masharti ya kamati. Maabara inaweza kubadilisha mtu kabla ya Ijumaa. Robinson ana matokeo kamili ya vyungu vyake, na visa ya safari ya mwaka jana bado haijaisha muda. Jibu lilikuwa mezani limejipanga lenyewe.

Nikawaita wote wawili.

"Robinson, ukiambiwa uende, uko tayari?"

Akamtazama Akello kwanza. "Niko tayari, Daktari. Na nataka kwenda, sitadanganya."

"Akello?"

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Ufanye nini? Uishone kayongo irudi?"

Sikupaswa kusema hivyo. Lakini hakuinamisha kichwa kama nilivyozoea. "Daktari, wao waling'oa ile inayoonekana. Kayongo ukiivuta inakatika. Shina linatoka, chini inabaki imeshika mzizi. Na ile ambayo ilikuwa haijatokeza bado iko huko huko. Nataka nichimbe mtama, nioshe mizizi, nihesabu huko chini."

Kuosha mizizi ni kazi ambayo watafiti huikimbia. Unatoa bonge la udongo bila kukata kitu, unaliosha mpaka nyuzi zionekane, kisha unapita uzi baada ya uzi na kioo cha kukuzia. Sisi sote tunahesabu juu ya ardhi, kwa sababu juu ni rahisi.

"Huo mtama ni chakula cha Mama Lornah," nikamwambia. "Ukiuchimba hatavuna."

"Nitamwomba."

Jumatano, 25 Juni

Nilikwenda Asembo nikidhani nitakuta msiba. Nimekuta harusi.

Mama Lornah alikuwa amekubali kabla Akello hajamaliza kuomba. "Chimba," alisema. "Hata yote, chimba." Akello akakataa yote, akachukua nusu ya kila mstari, ili boma lipate kitu cha kuvuna. Kina mama walichimba kwa uma za shamba na mikono, wakabeba mabonge kwenye mabeseni hadi ufukweni, wakaingia majini na sketi zimefungwa juu ya magoti. Pembeni yao omena, dagaa wa ziwani, ilikuwa imeanikwa kwenye nyavu, na wenye omena walikuwa wameacha kazi kuja kutazama wendawazimu hawa wanaoosha udongo.

Akello alisimama katikati yao, maji mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamsikia akipaza sauti. "Polepole! Usisugue! Wacha maji ifanye kazi! Mama Lornah, hiyo si omena!"

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika Uganda.

Kisha nikamwona Robinson. Sikumtuma. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kioo jichoni, anahesabu na kuandika. Nikamuuliza kulikoni.

"Nikienda Lisboni, niende kwa haki," akasema bila kuinua kichwa. "Na yeye akienda, isisemekane hesabu ilikuwa ya haraka haraka. Daktari, umekanyaga lebo yangu."

Nikavua viatu, nikaingia majini.

Alhamisi, 26 Juni

Mgongo. Mgongo wangu, jamani.

Ijumaa, 27 Juni

Mizizi ya mtama wa kienyeji imejaa kayongo, imejibandika kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, nyingi haikuwa imefika hata juu ya ardhi. Mizizi ya mtama mpya ni mitupu karibu yote. Unapita uzi mzima, hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu, moja, dhaifu. Kwa hiyo si kwamba kayongo ilijishika kisha ikashindwa kukua. Karibu yote haikuamka kabisa. Ile hesabu ya juu tuliyoililia isingetuambia jambo hilo hata kama tungehesabu mpaka Krismasi.

Akello aliweka karatasi mezani kwangu, akasimama. Niliisoma mara tatu, kisha nikawasha kompyuta.

Nimeandikia kamati: anakuja Akello, na kichwa cha hotuba kimebadilika.

Nikamwambia Robinson mwenyewe, si kwa simu. Alimaliza chai yake. "Ni haki," akasema, akachukua mfuko wake na kuondoka mapema. Simlaumu. Inauma na ana haki iume.

Na mimi ninajiuliza ni kina mama gani wangeingia majini siku mbili kwa ajili yangu, baada ya mimi kuwafokea. Nadhani hakuna. Wangeingia kwa ajili ya yule aliyengoja matanga yao yaishe na kuwapiga picha wakiwa wazuri.

Jumatatu, 30 Juni

Robinson amerudi na picha za darubini za ile mizizi, safi kabisa, tayari kwa hotuba. Alizipiga Jumamosi peke yake. Ameziweka mezani kwa Akello na kulalamika kwamba sukari imeisha.

Alhamisi, 10 Julai

Visa imetoka.

Jumatatu, 14 Julai

Mazoezi ya hotuba. Anasema haraka mno. Nimempigia meza. Anasema polepole mno. Nimempigia meza. Robinson amenishauri nipumzishe meza.

Jumamosi, 19 Julai

Akello amepanda ndege. Kina mama walikuja hadi uwanja wa Kisumu na vitenge vyao vya sare, wakaimba mpaka askari wa lango akaanza kutikisa mabega. Mama Lornah alileta omena ya kuwapelekea maprofesa. Tumemweleza kwamba haitaruhusiwa. Nimeila mimi.

Kabla Akello hajaingia nilimvuta pembeni. Nilimwambia siku ya hotuba aiweke simu mbele yake, pale jukwaani, kwa sababu tutakuwa tunamtazama moja kwa moja kwenye mtandao. Akija mtu na swali gumu, mimi nitamwandikia jibu, asome kidogo kidogo. Akasema, "Sawa, Daktari," kwa ile sauti ya kanisani.

Jumanne, 22 Julai

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Saa nane mchana tulikuwa maabara, tumebanana. Robinson alirusha picha ukutani. Mama Lornah alikaa mbele kabisa na bibi mwenyewe, yule wa kutoa mbegu, ambaye aliuliza mara mbili kama wale watu wanatuona. Mimi nilisimama nyuma, simu mkononi, kidole tayari.

Mwenyekiti wa kikao akalitaja jina lake vibaya. Akello akapanda, amevaa gauni la kitenge cha kikundi, na jambo la kwanza alilofanya ni kulitaja jina lake vizuri, akatabasamu, akaanza. Hakukimbia wala hakuburuta. Alipofika kwenye ile picha ya kina mama na shamba lao lililofagiwa, aliueleza ukumbi kilichotokea, hivi hivi kilivyotokea. Ukumbi mzima ukacheka. Mama Lornah akanigeukia.

"Wananicheka?"

"Wanakupenda," nikasema.

"Hata," akasema, lakini akakaa wima zaidi.

Kisha Akello akaonyesha mizizi, na kicheko kikaisha. Niliwaona watu wa mstari wa mbele wakiinama kwenda mbele kwenye viti.

Likaja swali. Mzee mmoja, mwenye jina ambalo nimelisoma miaka ishirini, akasimama na kipaza sauti. Alisema kazi ni nzuri. Lakini homoni hiyo, akasema, mmea hauitoi ili kuiamsha kayongo. Unaitoa kuwaita kuvu wema wa udongoni, wale wanaoulisha mzizi. Mtama wenu umeacha kumwita mwizi, je, haujaacha pia kumwita mpishi?

Vidole vikaruka vyenyewe. *Sema mavuno ya msimu uliopita hayakupungua.* Nikatuma. *Sema hilo ni nje ya utafiti huu.* Nikatuma. *Mshukuru tu uketi!* Nikatuma.

Akello hakuangalia chini.

"Ndiyo," akasema. "Hilo ndilo linalonisumbua. Tulipokuwa tunaosha mizizi niliona hao kuvu kwa macho, na kwenye mtama mpya nilihisi ni wachache. Lakini kuhisi si kuhesabu, kwa hiyo sikuweka kwenye hotuba. Mizizi yote nimeihifadhi. Nikirudi Kisumu ndiyo kazi yangu ya kwanza, na kama tumemnyima mkulima kitu upande mmoja ili kumpa upande mwingine, nataka yeye awe wa kwanza kuambiwa."

Halafu yule mzee akasema kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wote, "Tukitoka hapa naomba tuzungumze. Ningependa tuihesabu pamoja," na makofi yakaanza. Hapa kwetu Robinson alikuwa amepanda juu ya kiti anapiga mluzi, bibi anapiga kigelegele, Mama Lornah amenikumbatia na kuniloanisha bega lote. Mimi nilikuwa nalia huku nikitazama simu.

Majibu yangu yote matatu yalikuwa mabaya. Si kidogo, mabaya sana. Angelisoma hata moja, yule mzee angeketi na kumsahau. Na hayakuwa yamesomwa, hata kufika hayakuwa yamefika. Nikayafuta yote haraka haraka, moja baada ya jingine.

Baada ya kama nusu saa simu ikaita kidogo.

"Daktari, nimemaliza! Samahani, simu nilikuwa nimeizima tangu asubuhi. Naona umeniandikia mara tatu na ukafuta. Ulikuwa unasema nini?"

Nikafuta machozi na upindo wa kanga, nikamwandikia: "Nilikuwa nakupigia makofi."